Orodha ya Mambo Yasiyotajwa

Endasak,
9 Februari 2025

Shangazi Restituta, shikamoo.

Sisi huku ni wazima, mimi na Eva. Ameota meno mawili ya chini na juzi aliyajaribu kwenye bega langu, alama bado ipo. Mahindi yamefika gotini, mlima umejifunika wingu wiki nzima kama mtu mwenye homa. Naulizia afya yako, ule mguu, na mwanao kaka Alfredi na mkewe na watoto wote. Nasikia Mbulu baridi imezidi. Ya huku inavumilika.

Samahani naandika badala ya kupiga simu. Laini yangu niliivunja kwa meno siku ile niliyotoka kwa wakwe Dirma, maana shemeji alikuwa anapiga bila kupumzika. Na simu yako, shangazi, najua ikilia anaipokea aliye karibu. Kwa hiyo barua nampa Patriki, kondakta wa gari la Katesh linalopita Dareda kuja Mbulu. Ana maneno mengi lakini bahasha ya mtu hafungui.

Nieleze sawasawa, maana ulisikia nusu. Yona alipofariki kwa pikipiki mwezi wa kumi na moja, wakwe zangu walinitunza vizuri, siwezi kusema uongo. Maziwa nilipewa kabla ya watu wote. Ila matanga yalipoisha, shemeji mkubwa akasema Eva akiacha ziwa atakaa kwa bibi yake kwa sababu ni damu yao, na mimi nitakuwa kwake yeye, mke wa tatu. Mama mkwe alikaa kimya. Yule mama akikaa kimya, ujue jambo limeshakatwa. Nikaondoka na mtoto alfajiri wakati wanakamua. Sasa niko Endasak, chumba cha Mama Tomaso, nyuma ya mashine yake ya kusaga. Namfagilia mashine, ananiachia chumba. Ni mwanamke mwema, anakoroma.

Jumapili nakwenda Kanisa la Neema, karibu hapa. Walinipokea bila kuniuliza maswali. Wiki iliyopita walituletea fomu mpya. Makao makuu ya kanisa yameagiza, kwa sababu siku hizi kuna sheria ya nchi ya kulinda taarifa za mtu. Karani wa usharika, Bwana Didas, alisimama mbele akasoma: taarifa zako ni mali yako, hakuna atakayezitoa bila ruhusa yako. Shangazi, mimi niliishia darasa la saba, lakini nilielewa kila neno na machozi yakanitoka. Sikumbuki mtu aliyewahi kuniambia kwamba kuna kitu ambacho ni changu.

Mwisho wa fomu kuna nafasi, "Andika taarifa ambazo hutaki zitajwe." Nikaandika mambo mawili. La kwanza, mahali ninapoishi, kwa Mama Tomaso nyuma ya mashine, wakwe zangu wasipajue, wasije wakamchukua Eva. La pili, jina la baba mkwe. Wewe unajua, kwa Wabarbaig mke wa mwana halitamki jina lile kabisa. Mama mkwe alinifundisha wiki ya kwanza tu, hata maneno yanayolikaribia akanipa mengine ya kuzungukia. Mzee alishakufa, lakini pale nyumbani hakuna mwanamke anayelitamka, na yeye mwenyewe wa kwanza. Mimi nimewakimbia, sawa, lakini kulitamka ni kama kumtemea yule mama mate.

Shida ilikuwa moja. Didas alitaka majina matatu ya Eva ili abatizwe, na la tatu ndilo hilo. Nikamwambia andika Eva Yona. Akasema kompyuta haikubali majina mawili. Basi nikampa kadi ya kliniki ya mtoto, nikamwambia lipo humo, mimi silitamki. Akalinakili bila kusema neno. Nikajiambia, huyu ni mtu mwenye heshima.

Lingine ni hili. Ikitokea mambo yameharibika, kwako Mbulu kuna chumba? Hata kona. Unijibu.

Mtoto wa kaka yako,
Ludovika


Mbulu,
27 Februari 2025

Ludovika, marahaba mwanangu.

Barua imefika inanuka dizeli. Mguu upo. Alfredi na mkewe wazima, watoto wao watano wazima zaidi ya inavyotakiwa. Kabichi za mama mkwe wa Alfredi zimeliwa na ng'ombe wa jirani, kesi iko kwa mwenyekiti wa kitongoji, na ng'ombe naona ndiye atashinda.

Habari ya fomu nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimekaa. Mwanangu, mimi ni mhudumu wa ofisi mwaka wa ishirini na sita huu. Nafagia, napika chai, nabeba mafaili. Faili la siri lina jalada, na juu ya jalada pana namba basi. Nikilitoa chumba hiki kwenda kile nasaini daftari, na anayelipokea anasaini. Mtu akiniuliza njiani, mama Restituta umebeba nini, namjibu nimebeba uzito. Ndiyo kazi. Haihitaji chuo.

Sasa huyo Didas wako. Simjui, ila wa aina yake nimewapikia chai wengi. Ni mwanaume aliyepewa mhuri kabla ya kupewa akili. Atafunga mlango kwa kufuli kubwa kama ngumi na dirisha halina kioo. Hata kanisani kwetu hapa, mwezi uliopita mzee mmoja aliombewa kwenye kipaza sauti, ukatajwa ugonjwa wake na mahali ulipokaa mwilini. Watu wote wakasema amina. Na mimi nilisema, kwa mazoea.

Na wewe nisikie. Mtu anayeficha kitu haandiki mahali alipokificha. Umeandika wasijue naishi wapi, na mstari wa juu yake umeandika unaishi wapi. Baba yako alikuwa hivyo hivyo, Mungu amrehemu. Alificha ufunguo chini ya jiwe, halafu akalipaka jiwe chokaa asije akalisahau.

Nenda uombe fomu yako urudishiwe. Usilie mbele yake. Mtu kama huyo ukilia, anaandika.

Alfredi ameleta televisheni, kubwa kama mlango, imewekwa sebuleni. Naandika hapa mezani nikisubiri wamalize kuangalia ndipo nitandike.

Mbusu Eva hapo kwenye meno.

Shangazi yako,
Restituta


Endasak,
23 Machi 2025

Shangazi, shikamoo, na pole na mguu.

Eva anakaa mwenyewe sasa. Akianguka anaangalia kwanza kama nimemwona. Nikiwa nimemwona analia, nisipomwona anaendelea na mambo yake. Mama Tomaso anakusalimu sana. Lile neno lako la uzito amelichukua, mtu akimuuliza habari za mpangaji wake anamjibu hivyo hivyo, na watu wanaondoka wakidhani amechanganyikiwa.

Barua yako ilinifikia Ijumaa, nikapanga niende kwa Didas Jumatatu. Jumapili wakanitangulia.

Tulipotoka ibadani watu walikuwa wamejaa kwenye ubao wa matangazo pale mlangoni. Palikuwa na kicheko, kile cha kuzibia mdomo kwa kitenge. Nikadhani ni zamu za usafi, maana zamu huwa zinaleta maneno. Nikasogea. Karatasi moja kubwa imechapwa, ina mhuri wa bluu. Juu, herufi kubwa: WASHARIKA WALIOOMBA TAARIFA ZAO ZISITAJWE. Chini yake safu mbili, jina la mtu, na jambo lisilotajwa.

Wamebandika yote, shangazi. Mzee wa kanisa Sylvester, isitajwe kwamba alikaa gerezani miezi minane. Mwalimu wa kwaya, isitajwe kwamba ana mke mwingine Singida. Mama Judica, usitajwe umri wake, miaka hamsini na saba, na yeye tangu watu wamfahamu ana arobaini na tisa. Mungu anisamehe, nilicheka. Nilicheka mpaka namba kumi na nne. Namba kumi na tano ni mimi. "Ludovika, mjane wa Yona. Isitajwe kwa wakwe zake wa Dirma kwamba anaishi chumba cha Mama Tomaso nyuma ya mashine ya kusaga. Lisitajwe jina la baba mkwe wake." Halafu nukta mbili, halafu jina lenyewe, herufi kubwa, wala hakukosea hata moja.

Nikamfuata Didas ofisini, Eva mgongoni.

"Bwana Didas, mbona mmebandika?"

"Ndiyo ulinzi wenyewe, dada. Watu watajuaje mambo ya kutotaja kama hawajaambiwa ni yapi?"

"Lakini sasa wameyajua."

"Wameyajua, ila wanajua pia kwamba hawaruhusiwi. Zamani walikuwa wanasema ovyo bila kujua kama hawaruhusiwi."

Nilimwangalia nikitafuta kama ananitania. Hatanii. Ana uso wa mtu aliyelima ekari peke yake. Akaniambia amechapa siku tatu kwa vidole viwili, kwenye kompyuta ya kuazima, na hakuna aliyempa asante. Nikamwomba basi anirudishie fomu yangu.

"Fomu haitoki," akasema. "Ni siri ya ofisi." Akaligonga kabati nisikie lilivyo la chuma.

Nikamwomba aitoe orodha ubaoni. Kumbe imepitishwa na kamati, inaitwa Kamati ya Ulinzi, na haitoki bila kamati. Kamati inakutana kila miezi mitatu. Mwenyekiti wake ni mzee Sylvester, na mzee Sylvester tangu Jumapili ile hajaonekana.

Nikaenda kwa mchungaji. Alisikitika kweli, mpaka akavua miwani. Akasema tuombe. Tukaomba mlangoni kwake watu wakipita, na katika maombi akataja jina langu, chumba changu na mashine ya kusaga, nadhani ili Mungu asikosee nyumba.

Sitaki kukutia hofu. Bado naamini wataitoa. Ni watu wazuri, wamekosea tu. Lakini siku za mnada watu wa Dirma wanafika huku, na ukuta wa kanisa unatazama barabara. Nakuuliza tena lile la chumba.

Ludovika


Mbulu,
30 Aprili 2025

Ludovika,

Marahaba. Usinihesabie siku. Gari la Patriki lilikwama mlimani Dareda, mvua imekula barabara, na barua yako ikakaa kwenye mfuko wa koti lake wiki tatu. Aliponipa aliomba radhi kana kwamba yeye ndiye mvua.

Huku wazima. Kesi ya kabichi imeisha, ng'ombe ameshinda.

Wale kumi na wanne niliwacheka kama ulivyowacheka wewe, kisha nikaona aibu. Ndivyo orodha ya namna ile inavyofanya kazi. Kila mtu anacheka mpaka afike kwenye jina lake.

Kabati la chuma. Karatasi wameifungia, siri wameibandika. Mwanangu, mbwa ni mbwa, hajabatizwa, lakini akizika mfupa hasimamishi kibao. Nimewaza sana nimweleze huyo mtu nini na nimeona hakuna. Mpumbavu mvivu unaweza kuishi naye, anakuacha ulivyo. Mpumbavu mchapakazi ndiye wa kuogopa. Siku tatu, vidole viwili. Angekuwa mlevi ungekuwa salama.

Na mchungaji mwambie kutoka kwangu kwamba Mungu hana haja ya kuelekezwa kwa mashine ya kusaga.

Nimekuandikia barua ya kuwapelekea, iko humu ndani. Nimefuata utaratibu wa ofisi, anuani mbili, tarehe, kumbukumbu namba, na pale katikati nimeandika Yah: nikaipigia mstari. Watu wa aina hiyo Mungu hawamwogopi, wanaogopa Yah. Ipeleke, wasaini kwamba wameipokea.

Kuhusu lile la chumba nitakuandikia.

Wamemaliza kuangalia. Natandika.

Restituta


Endasak,
11 Mei 2025

Shangazi, shikamoo.

Naandika kifupi. Eva ana mafua kidogo, ananyonya vizuri.

Barua yako ya Yah niliipeleka. Didas aliisoma amesimama, akaiheshimu sana, akaipiga mhuri IMEPOKELEWA. Kisha akaitoboa kwa pini akaibandika ubaoni pembeni ya orodha, chini ya kichwa alichokiandika kwa mkono, Malalamiko. Jina lako lipo na anuani yako ya Mbulu ipo. Nisamehe.

Siku ya mnada kijana mmoja wa Dirma aliipiga orodha picha kwa simu. Mama Tomaso alimwona. Alhamisi shemeji akapita hapa mashineni, akauliza kama tunasaga mtama. Hakuwa na mtama. Hakuwa hata na mfuko. Aliangalia mlango wa chumba changu, akaangalia nepi za Eva kwenye kamba, akawasha pikipiki akaenda zake.

Kwa hiyo wanajua. Nimefunga vitu vyangu kwenye kiroba kimoja, na Eva ndiye mzigo wa pili. Ila sijui nivipeleke wapi. Barua yako ilisema utaniandikia na mimi nasubiri.

Jana Didas alinikuta njiani akaniambia nisiwe na wasiwasi, taarifa zangu ziko salama, kabati limeongezwa kufuli la pili. Shangazi, nimeanza kuwadharau. Dharau ni kitu kigeni kwangu, sikukizoea, sijui hata nikiweke wapi. Nikimnyonyesha Eva najaribu kukitoa kwanza nisije nikampa.

Ludovika


Endasak,
22 Juni 2025

Shangazi yangu, shikamoo.

Eva yupo. Naanza na hilo ili usisome kwa haraka. Amekaa miguuni kwangu anatafuna kamba ya kiatu, mafua yameisha, ana meno manne. Maharage tumeng'oa, Mama Tomaso amenipa debe zima na jino la juu limemng'oka, anasema vyote viwili ni mavuno.

Walikuja Jumapili iliyopita, mama mkwe na shemeji, kwa pikipiki moja. Nilikuwa natoka ibadani, nikawakuta wamesimama langoni. Mama mkwe amevaa vazi lake la ngozi na bangili zote za shaba, mkononi ana kibuyu cha maziwa, begani ana shuka jekundu jipya, limekunjwa. Nililijua shuka lile kazi yake. Ni la kubebea mtoto. Eva naye akamwona bibi yake akanyoosha mikono yote miwili, msaliti mdogo.

Hakuitikia salamu yangu. Alimwangalia Eva akasema, "Amekonda." Kisha akasema, "Nimeambiwa mume wangu ametundikwa ukutani. Nipeleke."

Nikampeleka. Watu wakafungua njia. Akasimama mbele ya ubao. Yule mama hajui herufi hata moja, lakini aliiangalia ile karatasi kama mtu anavyomwangalia ng'ombe wake ndani ya zizi la mwingine.

"Nisomee."

Nikamsomea kwa Kibarbaig changu cha kuungaunga. Nikasoma jina langu, nikasoma Yona, nikasoma chumba na mashine. Nilipofika pale nikaweka kidole, nikapafunika.

"Hapa yupo mzee," nikasema.

"Endelea."

"Yamekwisha, mama. Baada ya mzee hakuna kitu."

Akakiangalia kidole changu. Hakuangalia karatasi tena, alikiangalia kidole.

Hapo ndipo Didas akaja, anatabasamu, amevaa tai, anataka kusaidia. "Karibu mama. Huyu binti yako aliomba jina la mzee lisitajwe, ndiyo maana tukaliandika hapa, ili watu wasimtaje." Na akalitamka. Alilitamka lote, kwa sauti ya kipaza sauti bila kipaza sauti, akilionyesha kwa kalamu. Kulikuwa na wanawake wawili wa Kibarbaig langoni wanauza maziwa. Wakashika midomo yao kama ndio walioteleza.

Mama mkwe hakupandisha sauti. Alimuuliza shemeji, "Huyu ndiye anayetunza?"

"Ndiye."

"Anatunza nini?"

Shemeji alifikiri kidogo. "Kabati," akasema.

"Bandua."

Didas akasema hiyo ni mali ya usharika, ina mhuri. Shemeji akaibandua taratibu, kona nne, wala hakuichana, akachukua na ile barua yako ya Yah. Mama mkwe akaikunja orodha akaiingiza ndani ya vazi lake. Hakuna aliyemzuia. Nusu ya watu waliosimama pale walikuwa kwenye orodha ile, na niliwaona wanavyopumua.

Tukaja chumbani. Akakaa kwenye kitanda changu, akaonja chai, akasema ni maji yaliyopita karibu na ng'ombe. Akamchukua Eva. Shuka likawa magotini. Shemeji amesimama mlangoni, mlango umejaa yeye. Nilikuwa nimeshahesabu, kitu gani nitashika kwanza, mguu wa mtoto au mkono wa yule mama.

"Ulinikimbia," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Ulikimbia na mjukuu wangu kama mwizi wa ndama."

"Ndiyo, mama."

"Miezi yote hii unakaa na watu wasionijua. Ungelitamka, nani angeniambia?"

Nikamwambia ukweli, kwamba halikuja mdomoni. Hata nikiwa peke yangu halikuja.

Akanyamaza. Ule ukimya wake naujua, nikajua jambo linakatwa. Halafu akamgeukia shemeji. "Wewe una wake wawili na hakuna anayenyamaza hata mmoja. Wa tatu wa nini?" Shemeji akasema yeye alikuwa anatimiza wajibu tu. Mabega yake yakashuka kama mtu aliyetuliwa kiroba.

Akalikunjua shuka. Akaniambia geuka. Nikageuka, na akamfunga Eva mgongoni kwangu mimi, akakaza fundo mbele kwa mikono yake mwenyewe mpaka likaniuma.

"Huyu ni wetu," akasema. "Atakaa na wewe. Kila baada ya mavuno umlete Dirma, akae mwezi, ajue harufu ya zizi. Na kunyamaza atafundishwa na wewe, siyo na hawa wa kufuli."

Wakaondoka. Kibuyu wameniachia. Mwezi wa nane nampeleka Eva, na nitarudi naye. Amesema, na yeye akisema ni kama akinyamaza.

Jumatatu Didas alikuja mashineni. Alikuwa mnyonge. "Dada, ile orodha hatukubaki na nakala. Kompyuta ilikuwa ya watu, wameifuta. Kamati inataka kukutana na hakuna anayekumbuka mambo gani yasitajwe."

"Si kuna fomu kabatini?"

"Zipo. Ufunguo wa kufuli la pili ninao. Wa kwanza anao mzee Sylvester."

"Mzee Sylvester yuko wapi?"

"Ndiyo hatujui."

Nikamwambia basi, Bwana Didas, kwa mara ya kwanza mnatulinda. Akaniuliza kama ninaweza kuwasemesha wakwe zangu wairudishe karatasi. Nikaendelea kufagia. Mama Tomaso alicheka mpaka akazima mashine.

Eva atabatizwa tarehe ishirini mwezi ujao, Eva Yona, majina mawili. Kompyuta haipo tena na daftari halibishani. Ndiyo, nitabatizia pale pale. Mungu sijamgombeza. Nitakaa benchi la nyuma na nikiulizwa habari zangu nitasema nimebeba uzito.

Sasa lile la chumba. Shangazi, nilikusumbua mara tatu. Nimerudia barua zako na nimesoma vizuri pale uliposema unasubiri watu wamalize televisheni ndipo utandike. Sikuwa nimeelewa. Usiniandikie tena kuhusu hilo. Kitanda changu ni futi nne, Eva anachukua nafasi kubwa lakini tutamsukuma. Ukistaafu, au ukichoka kabla, panda gari la Patriki. Mwambie unaenda kusalimia, asikuulize zaidi.

Nilitaka Mama Tomaso anisomee barua hii nione kama nimekosea mahali, nikaacha. Nimeikagua mwenyewe, mstari kwa mstari. Hata Patriki akiiangusha njiani na watu wote wa Dareda wakaisoma, jina la mzee halimo.

Mwanao,
Ludovika